Malalamiko Dhidi ya Mwamuzi Aliyempa Baba Yake Kadi Nyekundu kwa Sababu ya Ng'ombe

Timu ya Masale,
Kirua Vunjo.
2 Februari 2026

Katibu,
Kamati ya Waamuzi,
Kombe la Mteremko,
Moshi.

Ndugu Katibu,

YAH: MWENENDO WA MWAMUZI RUTH ELISIFA

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako. Sijui umri wako. Kama unanizidi, shikamoo. Kama nakuzidi, basi yako nimekwisha kuipokea na tuendelee na kazi, maana salamu ni sehemu ya malalamiko yangu na sitaki kuzimaliza zote hapa juu.

Mimi ni Elisifa Ndelilio, mkulima wa kahawa na ndizi, mwenyekiti na kocha mkuu wa timu ya Masale. Naandika kuhusu fainali ya Kombe la Mteremko iliyochezwa Jumamosi tarehe 17 Januari kwenye uwanja wetu hapa Kirua Vunjo. Tulifungwa mabao mawili kwa moja na timu ya Kwa Sadala, na beberu wa zawadi akapakiwa kwenye gari lao huku akituangalia. Kesho yake, baada ya ibada, wanachama waliketi wakaazimia kwa kauli moja kwamba mwenyekiti aandike barua kali. Hii ndiyo barua kali.

Mwamuzi wa kati siku hiyo alikuwa Ruth Elisifa. Ukilinganisha jina lake la pili na la kwanza langu, utaona jambo ambalo sina nia ya kulificha. Ni binti yangu wa kumzaa. Kwa Sadala walipopinga kuchezeshwa na mtoto wa kocha wetu, ni mimi niliyesimama mbele ya kamati yako nikasema kwamba mtoto huyu hajui kupendelea, nimemlea mwenyewe. Nilisema kweli. Lakini Ndugu Katibu, huenda na wewe ni mzazi: mtu akijisifu hadharani kwamba mtoto wake hapendelei, moyoni huwa anategemea kidogo. Sikutegemea penalti. Nilitegemea mpira mmoja wa kurusha, au mwamuzi ageuke kuangalia Mlima kwa wakati unaofaa. Hata hicho sikupata.

Najua jina la Ruth limo kwenye orodha ya waamuzi mnaotaka kuwapandisha kuchezesha ngazi ya mkoa. Najua pia kanuni zenu, kwamba malalamiko ya klabu yakipokelewa, mwamuzi anasubiri miaka miwili. Ruth ana miaka ishirini na sita, na filimbi ameipuliza tangu darasa la tano, akiwachezesha wenzake wa shule ya Jumapili na kuwatoa nje watoto wa mchungaji. Nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi, na mama yake amenisaidia kulifikiria kwa kuninyima maziwa kwenye chai, katika nyumba yenye ng'ombe. Hata hivyo wanachama wameazimia, na mwenyekiti ni mimi. Malalamiko ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu bao la Jesse ambalo halikuwa bao

Uwanja wetu unateremka. Hatuoni aibu kulisema, maana huku kila kitu kinateremka, hata kanisa. Kipindi cha kwanza tulikuwa tunashambulia kwenda chini. Dakika ya kumi na mbili tulipata mpira wa kurusha, akaushika Jesse, winga wetu. Kijana huyu siku za kazi ni mpagazi, anabeba mizigo ya wageni kupanda Mlima, na ana mabega ya kazi hiyo. Aliurusha mpira ukapita juu ya vichwa vyote, ukashuka na mteremko, ukaingia wavuni bila kuguswa na kiumbe. Kipa wao aliusindikiza kwa macho, hakunyanyua hata mkono. Wakati ule tulidhani ni uzembe.

Tulishangilia. Kijiji kizima kiliingia uwanjani, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee mmoja alimwaga pombe yake ya mbege kwa furaha, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwenye harusi ya mwanawe. Ruth alisimama pembeni akatusubiri tumalize. Alikuwa na subira kama ya mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akaonyesha golikiki.

Nilipomuuliza, alijibu kwa adabu kwamba bao halifungwi moja kwa moja kwa mpira wa kurusha. Ndugu Katibu, nimekuwa kwenye mpira kwa miaka arobaini na sijawahi kuiona sheria hiyo ikifanya kazi, kwa sababu sijawahi kumwona mtu akirusha mpira umbali ule. Napendekeza kwamba sheria yoyote ambayo haijawahi kuonekana hapa kwetu itangazwe kwanza kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama zinavyotangazwa ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kusimama.

2. Kuhusu Nurdin kuadhibiwa kwa kuwa na adabu

Kipa wetu ni Nurdin, fundi pikipiki wa Moshi mjini. Ni kijana mrefu, mtulivu, aliyefundishwa vizuri na mama yake. Nyuma ya goli la juu, ambalo kipindi cha kwanza lilikuwa letu, huketi Bibi Elinipendo kwenye kigoda chake. Bibi ana miaka tisini na kitu, na kigoda kilikuwepo pale kabla ya goli.

Dakika ya thelathini Nurdin aliruka, akaudaka mpira vizuri sana, akaanguka nao, akabiringika, na alipoinuka akajikuta uso kwa uso na Bibi. Wewe ungefanya nini? Alisema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza mama yake anaendeleaje tangu atoke hospitali ya Mawenzi, watoto hawajambo, mvua mjini imenyesha, na kwa nini amekonda. Nurdin alijibu swali moja baada ya jingine, mpira akiwa ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu aliyevua kofia.

Wakati huo Ruth alikuwa amenyoosha mkono juu, anakunja kidole kimoja kimoja. Tulidhani anamsalimia Bibi kwa mbali. Kumbe anahesabu! Sheria mpya, tukaambiwa: kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Kona ikapigwa, na kwenye kona hiyo wakatufunga bao la kwanza. Nurdin alikuwa bado hajafika kwenye swali la kukonda.

Sekunde nane, Ndugu Katibu! Shikamoo na marahaba peke yake hazitoshi humo, kama mzee ana meno machache. Namkumbusha mwamuzi kwamba alipokuwa na miaka sita alimkimbia Bibi huyuhuyu katikati ya salamu, na niliyemchapa ni mimi. Leo yeye anamwadhibu mtu kwa kukaa hadi salamu ziishe. Sasa watoto washike lipi?

Kwa kuwa natakiwa kuwa mkweli, nataja kwamba wakati wa mapumziko Ruth hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Elinipendo, akachuchumaa, na wakaongea dakika kumi na moja. Nilipima kwa saa. Sikuona mtu yeyote akimpigia kona.

3. Kuhusu isale

Kipindi cha pili Jesse alisawazisha kwa kichwa, bao halali ambalo hata Ruth hakulipatia dawa. Furaha haikudumu. Dakika ya sabini mshambuliaji wa Kwa Sadala alitoka peke yake, mbele yake akiwa amebaki Nurdin tu, na Jesse akamvuta jezi hadi ikawa gauni.

Jesse alijua amekosea. Hapa lazima nikueleze kidogo, maana wewe ni mtu wa ofisini. Uwanja wetu umezungushiwa masale, mimea ileile tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kwenye pembe nne masale yenyewe ndiyo bendera za kona. Jani la isale kwetu si jani tu. Mtu aliyekosa akichuma isale, akalifunga fundo na kumletea aliyekosewa, yule hakatai. Nimeona ndugu wawili waliogombania mpaka kwa miaka mingi, mmoja akaja na isale asubuhi, na mchana wakala pamoja. Jesse alikimbia hadi kwenye kona, akachuma isale, akalifunga, akarudi mbio na kumpa mwamuzi kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

Ruth alilipokea kwa mikono miwili. Hata wale wa Kwa Sadala, ambao nao ni watu wa Mlima, walishusha pumzi. Alimwambia, "Nimekusamehe, kaka Jesse, kutoka moyoni." Akaliweka jani mfukoni kwa uangalifu, na kutoka mfuko uleule akatoa kadi nyekundu.

Nauliza rasmi: mtu aliyesamehewa anatolewa nje kwa kosa lipi? Nilimpelekea mchungaji wetu swali hili. Alifikiri, akasema ni swali kubwa kuliko mpira, akaomba chai. Naomba kamati itamke wazi kwamba isale likipokelewa, kadi inarudi mfukoni. Na kama haiwezekani, basi waamuzi washonewe mifuko miwili, mmoja wa msamaha na mmoja wa sheria, ili sisi watazamaji tujue mapema mkono unaelekea wapi.

4. Kuhusu sauti ya mama yake

Mke wangu Margareta ameandikwa kwenye fomu ya timu kama daktari, kwa kuwa ana chupa ya dawa ya kuchua na haogopi damu. Alikuwa kwenye benchi letu kihalali. Jesse alipokuwa anatoka nje, kutoka kwenye benchi hilo ilisikika sauti ya mwanamke ikisema, "We mtoto, hivi umelelewa na nani wewe?"

Ruth aliuzuia mpira wa adhabu usipigwe, akaja, akauliza nani amesema. Tulikuwa watu wanane pale, na wote tuliangalia juu kuona kama Mlima umefunguka mawingu. Margareta aliangalia kuliko wote. Ruth akasubiri, kisha akasema kwamba mkosaji kwenye benchi asipojulikana, kwa mujibu wa sheria kadi anapewa kocha mkuu. Akanionyesha mimi kadi ya njano.

Asipojulikana! Sauti ile ndiyo iliyombembeleza akiwa mchanga. Ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi akakate majani ya ng'ombe kabla ya shule. Akiisikia kwenye simu yenye mtandao mbovu, katikati ya soko, anaijua. Kwa hiyo mwamuzi alisema uongo uwanjani, au alimstahi mama yake kwa gharama yangu, na yote mawili nayalalamikia. Isitoshe, benchi lilikuwa limeuliza amelelewa na nani, na yeye akanyoosha kadi kwangu mbele ya kijiji kizima. Watu walicheka sana. Mpaka leo wananiita Jibu.

5. Kuhusu Asante

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe, na naomba uketi.

Asante ni ng'ombe wangu wa maziwa. Aliitwa hivyo kwa kuwa tulipewa na shemeji yangu wa Kwa Sadala, kabla hatujajua kwamba tutakutana nao fainali. Kama ng'ombe wote wa huku, Asante anaishi bandani. Yeye haendi kwenye majani, majani ndiyo yanayomfuata. Hata majani ya uwanja wetu hukatwa kwa zamu na kina mama kila Alhamisi, na ndiyo sababu mpira unachezeka. Banda lake liko mita arobaini chini ya goli la chini, goli ambalo kipindi cha pili lilikuwa letu.

Dakika za nyongeza, mabao yakiwa moja kwa moja, sisi tukiwa kumi. Tulipata kona na Nurdin akapanda kwenda kusaidia. Mpira ukaondolewa, mchezaji wao mmoja akaupiga kutoka katikati, na ukaanza kuteremka wenyewe kuelekea goli letu ambalo halikuwa na mtu. Hakuna awezaye kuushika mpira unaoshuka uwanja wetu. Tulisimama tukiutazama.

Ndipo Asante alipotokea. Aliingia taratibu kwa nyuma ya nguzo, akasimama juu ya mstari wa goli, mpira ukampiga ubavuni ukasimama. Akaunusa. Akaona si chakula, akageukia majani. Ndugu Katibu, nimeona makipa wengi, na sikumbuki aliyekuwa mtulivu kiasi kile.

Sheria kuhusu jambo hili ninaijua, na safari hii naijua vizuri. Mnyama aliyeingia mwenyewe akiugusa mpira, mchezo unasimama na unaanza kwa mpira wa kudondosha. Mpira unadondoshewa kipa, Nurdin anaupiga mbele, filimbi inapulizwa, tunakwenda kwenye matuta ya penalti, na kwenye matuta Nurdin hana mpinzani. Hiyo ndiyo ilikuwa haki yetu.

Badala yake Ruth alianza upelelezi. Alimwita ng'ombe kwa jina, na ng'ombe akamfuata, jambo linaloonyesha ukaribu usiofaa kati ya mwamuzi na mmoja wa wahusika. Akaishika kamba ya Asante, akaikagua mwanzo hadi mwisho kama fundi cherehani. Kamba haikuwa imekatika wala kutafunwa. Mwisho wake ulikuwa bado na mikunjo ya fundo lililofunguliwa vizuri na mtu anayelijua.

Kuhusu fundo hilo: ni fundo la marehemu baba yangu. Majirani wakitaka kumtoa Asante nikiwa safarini, hunipigia simu na mwisho huamua kunisubiri. Dunia nzima wanaolijua ni watu wawili, mimi na Ruth. Nilimfundisha alipokuwa na miaka saba, tukiwa tumeketi bandani mvua inanyesha, na alilifungua siku ileile. Sasa angalia mantiki ya mwamuzi. Watuhumiwa ni wawili, na yeye mmoja wao alikuwa katikati ya uwanja kwa dakika tisini, mbele ya mashahidi mia tatu, kwa hiyo akajiondoa mwenyewe kwenye orodha. Tangu lini mtuhumiwa anajisafisha kwa filimbi yake mwenyewe?

Ni kweli kwamba dakika ya themanini na tano nilitoka kwenye benchi kwenda haja ndogo. Ni kweli pia kwamba choo kiko upande wa banda. Na vile vipande kumi na kimoja vya mgomba, utamu wa Asante, alivyovihesabu Ruth kutoka bandani hadi kwenye nguzo ya goli, kila kimoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, vinaweza kuwa vilidondoka kutoka kwenye mzigo wa mama yeyote. Kina mama wa hapa hudondosha vitu kwa mpangilio.

Hukumu yake ilikuwa kwamba ofisa wa timu amesababisha kitu kuingia uwanjani na kuzuia bao. Kwa hiyo penalti, na kadi nyekundu kwa ofisa huyo. Asante ameitwa kitu, Ndugu Katibu. Sheria inazungumzia kitu kilichorushwa au kupigwa teke, na mimi naapa mbele ya kamati yako kwamba ng'ombe huyu sijawahi kumrusha wala kumpiga teke. Penalti waliifunga. Filimbi ya mwisho ikalia kabla mpira haujarudi katikati.

Kadi yenyewe alinipa hivi. Alimfunga Asante kwanza kwenye isale la pembeni, kwa fundo lile, vizuri kabisa. Akaja hadi kwangu, akasimama wima, akasema, "Shikamoo baba," na akanyanyua kadi nyekundu. Niliitikia marahaba. Nitajie mzee mwingine katika mkoa huu aliyewahi kuitikia marahaba chini ya kadi nyekundu. Alipoirudisha kadi aliukosa mfuko mara mbili. Naliandika hilo kama kasoro ya kiufundi, maana mwamuzi wa ngazi ya mkoa hatakiwi kuukosa mfuko wake.

6. Kuhusu mwenendo wake baada ya mchezo

Ruth anaishi Moshi mjini, lakini kila Jumapili hupanda nyumbani baada ya ibada, hula kiburu cha ndizi na mama yake, na jioni hushuka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Tangu siku ile hajaja. Ni Jumapili tatu sasa. Humpigia mama yake simu, na mimi nikiingia chumbani huwa wanaongea habari za hali ya hewa. Kibuyu kiko mezani. Margareta hukiosha kila Jumamosi, hukijaza, na Jumatatu hunipa mimi yale maziwa niyapeleke kwa Bibi Elinipendo bila kunitazama usoni. Mwamuzi anayejiamini angekuja kula chakula chake. Hili limeniumiza kuliko penalti, na naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Kwa sababu hizo zote, klabu inaomba:

Kwanza, mchezo urudiwe. Pili, sekunde nane zianze kuhesabiwa baada ya salamu kuisha, na Bibi Elinipendo ndiye aamue zimeisha lini. Tatu, bao la Jesse lirudishwe kwa kuwa lilishangiliwa, na furaha ya watu wengi kiasi kile haiwezi kufutwa na mtu mmoja. Nne, isale liandikwe kwenye sheria za mpira za dunia, na kamati yako iwasiliane na wahusika huko waliko. Tuko tayari kutuma miche. Tano, Asante aombwe radhi. Sita, beberu arudishwe akiwa hai, na kama ameliwa, tupewe ngozi na maelezo. Saba, ipitishwe kanuni kwamba hakuna binti atakayechezesha timu ya baba yake, isipokuwa baba huyo awe amefundishwa sheria zote na binti mwenyewe, polepole, jioni, kwa muda wa kutosha, nyumbani.

Natumaini ofisi yako italipa jambo hili uzito wake. Salamu kwa wajumbe wote wa kamati, kwa wale wa Kwa Sadala pamoja na shemeji yangu, kwa mama yake Nurdin aendelee kupata nafuu, na kwa yeyote atakayeipokea barua hii mlangoni. Huku sisi ni wazima, kahawa imechanua, na Asante anatoa lita zilezile kama vile hakuna kilichotokea.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima,

Elisifa Ndelilio
Mwenyekiti na Kocha Mkuu (anayetumikia adhabu),
Masale.

Nyongeza: Kanuni ya thelathini na moja ya mashindano inasema malalamiko yafike ndani ya siku kumi na nne tangu mchezo, na yakichelewa hayasomwi, na ripoti ya mwamuzi inabaki kama ilivyo. Siku hizo ziliisha Jumamosi. Leo ni Jumatatu. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya kanisa ili nisije nikawahi kwa bahati mbaya. Wanachama waliniagiza niandike barua kali, hawakusema lini. Kwa hiyo tafadhali usiisome, na jina la Ruth lipande kama lilivyopangwa.

Kanuni hiyo nimeiona kwenye vitabu vyake nilivyovikuta chini ya kitanda chake cha zamani. Na cha sheria za mpira nimekisoma chote, zote kumi na saba. Yuko sahihi kwenye mpira wa kurusha, kwenye sekunde nane (karatasi ya mabadiliko ameichomeka ndani), kwenye jezi ya yule mtu na kwenye benchi. Kwenye ukurasa wa maofisa wa timu ameandika pembeni kwa penseli, zamani, kwa mwandiko wa shule: "Baba atabisha hapa."

Fundo nililifungua mimi. Nilitaka tu ng'ombe aingie, mchezo usimame, vijana wapumzike tufike kwenye matuta. Kusimama kwenye mstari aliamua Asante mwenyewe.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale. Siyo lako, ni la Ruth. Naomba umpe mkononi, maana mimi nikishuka mjini nitaanza kubishana naye. Nimelifunga kwa lile fundo la baba yangu. Usihangaike kulifungua, hutaweza. Yeye ataweza.